Sura ya Sita: Mason wa Kondele

Nyanya akishampakata mjukuu, swali lake la kwanza ni moja: anaitwa nani? Akiambiwa Otieno, haulizi tena. Mtoto alizaliwa usiku. Akiambiwa Akinyi, anajua ilikuwa asubuhi. Akiambiwa Mason, anamtazama mama mtoto, kisha anauliza la pili: “Hilo nalo ni la nani?”

Wazazi vijana huliuliza swali hilohilo kwa namna yao. Jina hili lina maana gani? Kwani si jina la ukoo la Wazungu? Mwanangu akikua, litamfaa? Ni maswali ya haki, na majibu yake yanaanzia karibu sana na nyumbani.

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga iko jirani na Kondele, mjini Kisumu. Wenyeji wengi bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Mama anayetoka humo na kichanga mikononi, akapita mitaa iliyo kati ya Kondele na soko la Kibuye, anapita katikati ya majina haya yote. Kijana anayepanga mawe kwenye mjengo ni Mason. Anayekanyaga cherehani barazani ni Taylor. Anayesukuma mkokoteni wa magunia ni Carter. Anayepasua mbao za vitanda ni Sawyer. Hakuna hata mmoja wao anayejitambulisha hivyo, lakini kazi za mikono yao ndizo zilizozaa majina hayo.

Kazi iligeukaje jina la ukoo

Jina la ukoo ni lile ambalo familia nzima hurithishana, baba kwa mwana, bila kujali nani alizaliwa lini. Jina la kazi ni aina mojawapo ya majina ya ukoo: lilianza kwa kutaja kazi aliyofanya mtu fulani zamani, likabaki kwa wajukuu wake.

Uingereza ilikuwa nchi ya watu wenye jina moja moja. Wanormani walipoiteka mwaka 1066, utawala ukapanuka, na pamoja nao hamu ya kuandika watu kwenye vitabu. Shida ilikuwa kwamba kijiji kimoja kingeweza kuwa na kina John watano. Makarani wa kodi, kama wale wa kodi ya kichwa ya mwaka 1379, walihitaji kuwatofautisha, na njia mojawapo rahisi ilikuwa kuuliza: John yupi? John mhunzi. John mwenye mkokoteni. John anayeshona nguo. Mwanzoni jina hilo lilimfuata mtu na kazi yake tu; mtoto wa mhunzi akiwa mwokaji, alibadili. Polepole likaganda. Mjukuu wa Carter akawa wakili na akaendelea kuitwa Carter.

Haya ni baadhi ya majina hayo yanayosikika siku hizi katika wodi za wazazi:

- Mason: fundi wa mawe na kuta
- Taylor: fundi wa kushona nguo
- Tyler: anayeezeka au kutandaza vigae
- Carter: anayesafirisha mizigo kwa mkokoteni
- Cooper: fundi wa mapipa ya mbao
- Hunter: mwindaji
- Parker: mlinzi wa pori alilotengewa bwana mkubwa kwa uwindaji
- Fletcher: mtengeneza mishale
- Harper: mpiga kinubi

Smith, yaani mhunzi, ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uingereza na Marekani. Sababu yake ni nyepesi: hakuna kijiji kilichoweza kulima, kupigana wala kupika bila mtu wa kufua chuma. Waarabu nao wana Haddad, mhunzi, na pwani yetu inalijua kwa njia ya heshima kabisa, kwa sababu Ratibu ya Haddad inayosomwa misikitini imetokana na Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut. Wahindi waliofuata reli hadi Kisumu walikuja na Patel, cheo cha mkuu wa kijiji, Soni, sonara, na Mistry, fundi.

Hatua ya pili, ya jina la ukoo kuwa jina la kwanza la mtoto, ilikuja baadaye sana. Familia za kitajiri za Uingereza zilipotaka jina la ukoo wa mama lisipotee, zilimpa mtoto kama jina la kwanza. Wamarekani wakaupenda mtindo huo kuliko wenyewe walioubuni.

Sisi hatupaswi kushangaa kwamba kodi na makarani walitengeneza majina. Yametupata pia. Zamani mtu alikuwa Otieno wuod Onyango, yaani Otieno mwana wa Onyango, na dada yake alikuwa nyar Onyango. Ilipofika kodi ya kibanda, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kikaja kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, yale maneno madogo ya katikati yakadondoka. Otieno Onyango akabaki kwenye karatasi, na jina la baba likaanza kufanya kazi ya jina la ukoo.

Mjaluo hupewa jina kwa lipi?

Kwa Wajaluo, jina la kwanza kabisa humweleza mtoto alivyofika duniani. Saa: Omondi ni wa alfajiri, Onyango wa kabla ya adhuhuri, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa jioni. Mvua ikinyesha, Okoth. Njaa ikiwa imetanda, Okech. Mapacha huwa Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Msichana hupokea jina lilelile kwa herufi A mwanzoni: Amondi, Akoth, Apiyo.

Katika orodha hiyo ndefu kuna majina mawili yanayokaribia sana suala letu. Okeyo na Akeyo huzaliwa wakati wa mavuno. Odoyo na Adoyo huzaliwa wakati wa palizi. Hayo ni majina ya kazi, ila yanaitaja kazi iliyokuwa ikifanywa shambani siku mtoto anatua, na mtoto mwenyewe hafungwi nayo. Nayapenda sana majina haya kwa sababu yanamweka mtoto ndani ya jasho la watu wake tangu siku ya kwanza, na bado yanamwachia njia wazi.

Kisha kuna jina la juogi, yaani jina la marehemu wa ukoo. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile lililomtuliza ndilo alilopewa. Au babu alimjia mtu ndotoni akalidai jina lake. Kwa njia hii kazi ya babu iliweza kurudi: anayepewa jina la bibi aliyekuwa mfinyanzi hodari hukua akisikia habari za vyungu vyake.

Jina la kazi hasa, lile linalosema huyu ni mtu wa fani fulani, lilimsubiri mtu akue. Jalupo ni mvuvi. Jathedh ni mhunzi. Japuonj ni mwalimu. Jathum ni mpiga nyatiti. Unastahili kuitwa hivyo baada ya watu kuiona kazi yako, na ndipo unapojisifia kwayo katika pakruok, ile desturi ya kusimamisha muziki, kutoa pesa na kutangaza majina yako ya sifa mbele ya watu. Gor, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, aliongezewa Mahia kwa sababu ya miujiza aliyosifika kuifanya. Mwaka 1968 klabu ya mpira ikachukua jina lake, na leo kuna watoto wanaoshangilia Gor Mahia bila kujua kwamba wanataja sifa ya kazi ya mtu.

Mara chache jina la kazi lilishuka hadi kwa mtoto. Mfano ulio bora kuliko yote uko hapahapa Kisumu. Askofu aliyeongoza kundi la Johera kutoka Anglikana mwaka 1957, na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, aliitwa Abednego Matthew Ajuoga. Ajuoga kwa Kijaluo ni mganga, mtaalamu wa dawa na ramli. Mchungaji wa Kikristo alihubiri maisha yake yote akiwa na jina hilo, na waumini wakamfuata.

> Kwa ufupi
> Mzungu wa zamani alimwita mtu kwa kazi yake, jina likaganda kwa wajukuu. Mjaluo alimwita mtoto kwa saa, msimu au marehemu, na akamwekea jina la kazi mpaka atakapolistahili.

Mhunzi, mchungaji na nahodha

Ukivuka nje ya Nyanza utakuta majina ya kazi yamejaa tele. Kwa Wakikuyu, Muturi ni mhunzi, Muriithi ni mchungaji wa mifugo, Mugo ni mganga mwaguzi. Desturi yao humpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo Muturi anarudi kila kizazi cha pili hata kama nyundo iliachwa miaka mia iliyopita. Justin Muturi alikuwa Spika wa Bunge la Taifa kuanzia 2013 hadi 2022. Ndiritu Muriithi alikuwa Gavana wa Laikipia. Hakuna aliyewacheka kwamba mmoja ni mhunzi na mwingine mchunga mbuzi.

Zanzibar iliongozwa na Aboud Jumbe kuanzia 1972 hadi 1984, na jumbe ni mkuu wa mji au kijiji. Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi huko kwa miaka 10. Kijana anayeitwa Waziri, Mfaume au Sultani si kitu cha ajabu Tanga wala Bagamoyo.

Nimeyataja haya kwa kusudi. Mzazi wa Kondele anayedhani kwamba jina la kazi ni ujanja mpya kutoka Marekani amekosa taarifa. Mason na Muturi ni mtu na jirani yake: mmoja anajenga nyumba, mwingine anamfulia patasi.

Mbona sasa?

Babu zetu waliobatizwa katika misheni walitoka kisimani wakiwa Yohana, Petro, Maria na Rebeka. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na mzazi asipotaka, padri aongeze la mtakatifu. Sheria mpya ya 1983 ililegeza: inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba jina haliko kinyume na moyo wa Kikristo. Hapo mlango ulifunguka. Jaramogi Oginga Odinga aliutumia uhuru wa namna hiyo mapema zaidi kwa upande wake. Aliyaacha majina yake ya ubatizo, na wanawe tunawajua kama Oburu na Raila. Wazazi wa leo wameutumia kwenda upande mwingine.

Mengine ni ya kawaida na hayahitaji maelezo marefu. Darasani kina Brian ni wanne na kina Mercy ni watano. Mason, Carter na Tyler ni mafupi, yanatamkika upesi, na yanamalizia pazuri kabla ya Omondi au Ouma. Taylor na Harper yanafaa mvulana na msichana. Halafu kuna mpira na runinga. Mason Mount aliichezea Chelsea ilipotwaa Ligi ya Mabingwa 2021, na Kondele ina vibanda vya kuonyesha mpira ambavyo havifungwi mapema. Jay-Z jina lake halisi ni Shawn Carter. Kule Marekani kwenyewe Mason lilifika nafasi ya 2 kwa wavulana mwaka 2011, muda mfupi baada ya dada mmoja wa familia ya Kardashian kumpa mwanawe jina hilo.

Kisumu ilikwisha kuonja utamu wa jina la ukoo kuwa la mtoto. Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, vyombo vya habari viliripoti vichanga vilivyozaliwa hospitalini mjini vikipewa majina Barack, Obama na Michelle. Obama ni jina la Kijaluo lililotoka Kogelo, likaenda Hawaii na Chicago, likarudi kama jina jipya la kupewa watoto. Babu yake Barack, Hussein Onyango Obama, alifanya kazi ya upishi katika nyumba za Waingereza. Waliowapa watoto wao jina hilo walikuwa wanamtukuza rais, na pamoja naye mpishi.

Harper na nyatiti

Katika orodha nzima, jina ambalo lingepaswa kumgusa Mjaluo kuliko mengine ni Harper. Wengi wanalijua kupitia Harper Lee, mwandishi Mmarekani, au binti wa David Beckham aliyezaliwa 2011. Lakini Harper ni mpiga kinubi, na nyatiti ni ndugu wa damu wa kinubi.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kabisa, kwenye kigoda kifupi, amekiegemeza chombo ubavuni, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o inayogonga mdundo kwenye ubao wa chombo. Mguuni kuna gara, njuga zake. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima: sauti, nyuzi, ngoma na njuga. Jathum alialikwa msibani, harusini na kwenye karamu za pombe, akajua nasaba ya kila aliyehudhuria, na akamsifu au kumsuta kwa jina. Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera mwaka 2019, aliupeleka mlio huo dunia nzima. Wimbo wake Kothbiro ulitumika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Zamani nyatiti ilikuwa ya wanaume peke yao. Aliyeuvunja mwiko huo mbele ya dunia ni mwanamke Mjapani, Eriko Mukoyama, aliyekwenda kijijini Siaya kujifunza kwa mwalimu mzee, akafuzu na akajulikana kwa jina la Anyango. Kwa hiyo msichana wa Kondele anayeitwa Harper Anyango amebeba, pengine bila mama yake kujua, historia nzima ya chombo cha babu zake. Mama huyo nikikutana naye nitamwomba jambo moja: amtafutie binti yake nyatiti.

Hofu mbili

Ya kwanza ni ya Freemason. Mtu wa kanisani akisikia Mason, huenda akauliza kama mtoto ametolewa kafara. Uvumi huu una historia Kenya. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na tangu hapo neno Freemason limeogopwa mitaani. Ukweli ni kwamba chama cha Freemason, ambacho jumuiya zake zilianzisha baraza kuu London mwaka 1717, kilichukua jina na alama za mafundi wa mawe, pembemraba na bikari. Jina la fundi lilikuwako karne nyingi kabla ya chama. Mjibu nyanya hivyo, kwa upole.

Hofu ya pili, ya utumwa, ina uzito zaidi. Wamarekani wengi weusi wanaitwa Carter, Taylor au Turner kwa sababu babu zao walimilikiwa na watu wenye majina hayo. George Washington Carver alizaliwa utumwani Missouri miaka ya 1860, na Carver, yaani mchongaji, lilikuwa jina la bwana aliyemmiliki. Alikua akawa mtaalamu wa kilimo katika chuo cha Tuskegee kuanzia 1896, akawafundisha wakulima maskini kupokezanisha pamba na karanga ili ardhi ipumzike. Mkulima yeyote wa Nyanza anayepanda njugu baada ya mahindi anaielewa hekima hiyo. Jina alilopewa kwa dhuluma likaheshimika kwa kazi yake mwenyewe.

Kabla hujajaza fomu

Hukumu yangu ni hii. Jina la kazi ni jina zuri, kwa sharti kwamba nyumba inayolitoa inaiheshimu kazi yenyewe. Ninachoona kinauma ni mzazi anayejivunia kumwita mwanawe Mason na kesho yake anamtisha: “Usiposoma utaishia kwenye mjengo.” Mtoto husikia yote mawili. Kuta za hospitali alimozaliwa ziliinuliwa na watu wa mjengo.

Kwa hiyo:

- Jua kazi iliyo ndani ya jina, na umsimulie mtoto. Taylor na Tyler husikika karibu sawa, lakini mmoja anashona na mwingine anaezeka.
- Chagua tahajia moja usiiache. Cheti cha kuzaliwa, cha KCSE, kitambulisho na pasipoti zikitofautiana kwa herufi moja, kijana wako atapoteza muda mwingi katika foleni za ofisi.
- Usilifute jina la saa wala la juogi ili kupisha la kigeni. Mason Omondi ana majina mawili yanayozungumza. Mason peke yake ana moja, na hilo analishiriki na wengine wengi.
- Waulize wazee kama kuna jathedh, jalupo au mfinyanzi katika ukoo. Huenda jina unalolitafuta mbali linakungoja Alego au Seme.

Sheria ya Kenya inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6 tangu kuzaliwa. Mzazi akibadili nia kuhusu jina, ana miaka 2 tangu siku ya usajili kulibadilisha kwa msajili, kwa kulipa ada na kuleta uthibitisho unaotakiwa. Huo ni muda wa kutosha kumpeleka mtoto kwa nyanya yake na kumsikiliza.